Kombe la Daraja la Babu Likalale kwa Nani?

Kesi hii nimeshaipeleka sehemu nyingi, na kila mahali imenirudia bila hukumu. Niliitoa msibani, watu wakabishana mpaka wafiwa wakasahau kulia. Niliitoa harusini, bwana harusi akaamua hivi, bibi harusi akaamua vile, nikaaga kabla pilau halijaiva kwa kuogopa lawama. Leo ni zamu yenu. Mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana nikishaanza sitaki mtu wa kunikatiza.

Huko juu Makete kuna uwanda unaitwa Ilembuka. Baridi yake haibishi hodi. Watu wanalima viazi na pareto, nyumba zimetawanyika kila moja na bonde lake, na mtu anaweza kuuona moshi wa jiko la jirani yake kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kumwona jirani mwenyewe. Tena mtu wa Ilembuka haendi kwa mwenzake bila sababu. Akienda bure, watasema amekwenda kuomba kitu. Kwa hiyo anakaa kwake, anachochea moto wake, anajisemea.

Sababu kubwa ya kutembeleana huko ni pikipiki kuukuu. Msicheke. Pikipiki hizo ziliachwa na wamisionari, na mabwana misitu, na wanunuzi wa pareto wa enzi hizo, na watu wa Ilembuka hawana tabia ya kutupa kitu ambacho bado kinapigwa kiki kikaitika. Mara moja kwa mwaka, viazi vikishatoka shambani, zinashindanishwa. Si barabarani. Zinashuka korongoni, zinavuka kinamasi, zinapanda kilima, na inayorudi uwanjani na mtu wake juu imefanya kazi.

Sasa, kumshindanisha mzee wa mwaka hamsini na tisa na kijana wa mwaka themanini na mbili ni uonevu, hata kama wote wana magurudumu mawili. Kwa hiyo chama kiliweka madaraja matatu. Pikipiki zilizotengenezwa kabla ya mwaka sitini na tano ni Daraja la Babu. Zilizofuata, mpaka sabini na tano, ni Daraja la Baba. Zilizofuata tena, mpaka themanini na tano, ni Daraja la Mwana. Zilizokuja baada ya hapo ni bodaboda tu, zikabebe abiria. Mwendeshaji mmoja anaruhusiwa daraja moja. Na daraja likikosa pikipiki ya kumaliza mbio, linafutwa, na pikipiki zake zinahamishiwa kwa vijana, zikatimuliwe vumbi mpaka zikate tamaa zenyewe.

Kila daraja lina kombe lake, na hapa ndipo penye kesi. Kombe halikai ofisini. Linakwenda kulala kwa mshindi mwaka mzima, na kila linapolala, chama kizima kinakwenda. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni kwa Babu, ya pili kwa Baba, ya tatu kwa Mwana. Wanafika baada ya ibada na wake zao na waume zao, wanawasha pikipiki uani, wanakunywa chai, wanasema uongo wao mpaka jua lipoe. Na siku yenyewe ya mbio, msafara mzima unaanzia kwa mwenye kombe la Babu. Kwa hiyo nisije nikasikia mtu hapa anauliza kombe lenyewe ni la dhahabu au la bati. Ni la bati. Wanachopigania watu wa Ilembuka ni watu.

Anayepanga madaraja anaitwa Sekela Sanga, na kesi hii ni yake kabla haijawa yenu. Kipaji chake kiko kwenye kidole gumba. Anasugua kutu shingoni mwa fremu, palipogongwa namba, anazipapasa, kisha anatamka: Baba. Au: Mwana. Anachora alama ya chokaa kwenye tangi na neno limeisha.

Kazi hiyo haina rafiki. Hakuna mwendeshaji Ilembuka ambaye Sekela hajawahi kumweka daraja asilolitaka, na watu wa huko wanasahau madeni kabla hawajasahau jambo kama hilo. Isitoshe, desturi ya chama ni kwamba mpanga madaraja hali wala hanywi kwa mwanachama yeyote, asije akasemwa amenunuliwa kwa andazi. Siku ya ushindi yeye ndiye anayetangulia mbele ya msafara na kombe mikononi. Anafika mlangoni kwa mshindi, anakabidhi, anageuka, anarudi dukani kwake peke yake huku nyuma vicheko vinaanza. Ana duka dogo la mbegu na dawa za viazi. Watu wanaingia, wanamwamkia kwa adabu zote, wananunua, wanatoka. Hakuna anayekaa. Miaka yote hiyo alikuwa akijiambia amezoea. Hakuwa amezoea.

Sasa niwape wale watatu.

Wa kwanza ni Bibi Twitike Mahenge, wa bonde la chini, na kipaji chake ni kutunza. Kitu kikiingia mikononi mwake hakizeeki. Mumewe alipofariki alimwachia pikipiki ya mwaka sitini na mbili. Bibi hakuiweka bandani. Aliiingiza sebuleni, akaiegesha pembeni ya kiti cha marehemu, na kila siku alikuwa akiipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Akiingia ndani anaiamkia, "Kamwene," akitoka anaiaga. Injini yake ilikuwa imekwama siku nyingi, lakini fremu na magurudumu yalikuwa kama yametoka dukani juzi.

Wa pili ni Mzee Obadia Luvanda, wa bonde la mashariki, na kipaji chake ni sikio. Hakuwa na haja ya kufungua injini ili kujua inaumwa nini. Alikuwa akiinamisha kichwa, anasikiliza, anasema plagi, au anasema vali, au anasema hii mwenyewe ameikimbiza bila oili na sasa anadanganya. Lakini sikio hilo lilikuwa linamwacha. La kushoto lilikuwa limeshakufa, la kulia lilikuwa linafuata, na daktari wa wilayani alimwambia asitarajie kusikia mwaka mwingine. Watoto wake wako Dar es Salaam. Wanapiga simu, naye anaishika simu sikioni na kuitikia ndiyo, ndiyo, kwa maneno ambayo hakuyasikia. Pikipiki yake ni ya mwaka hamsini na tisa: injini nzima kabisa, fremu imeliwa na kutu mpaka unapitisha kidole.

Wa tatu ni Ambilikile Tweve, wa kilimani, na kipaji chake ni uvumilivu wa matope. Mahali ambapo wengine wanavuta mafuta kwa nguvu na kuzama, yeye anapita polepole kama mtu anayevuka chumba chenye mtoto aliyelala. Alikuwa migodini ujana wake wote, akarudi nyumbani bila mke wala rika, akakuta wenzake wameshapatana urafiki bila yeye. Ana pikipiki ya Daraja la Baba, na mwaka wa kesi hii kila mtu alijua kombe la Baba ni lake. Washindani wake wakubwa wawili, mmoja alikuwa amevunjika mguu na mwingine amehamia Mbeya. Hata maadui zake walikuwa wameshamwambia, "Mwaka huu tutakuja kwako, Tweve, ukatununulie sukari." Alikuwa akicheka kwa haya. Miaka yote tangu arudi, hakuna mgeni aliyewahi kuvuka mlango wake.

Mwaka huo Daraja la Babu lilikuwa mahututi. Mzee mmoja mwenye pikipiki ya mwaka sitini alifariki, mwingine akaiuza ya kwake kwa mkusanyaji kutoka mbali, na zilizobaki hazikuwa na uhai wa kumaliza hata nusu ya mbio. Mwenyekiti Mdegela akatangaza kanisani, "Mwaka huu likikosa wa kumaliza, tunalifuta. Tusibembelezane."

Yaliyofuata Sekela aliyasikia kwa vipande dukani kwake, kwa watu waliokuja kununua dawa ya mnyauko. Kwamba Mzee Obadia aliing'oa injini ya pikipiki yake kwa mikono yake mwenyewe, akaipakia kwenye toroli, akaisukuma kutoka bonde la mashariki mpaka bonde la chini. Kwamba alisimama mlangoni kwa Bibi Twitike akihema, akasema, "Mama, nina moyo bila mwili. Wewe una mwili bila moyo."

"Unataka kuitoa sebuleni," Bibi akasema.

"Nataka ikimbie."

Wanasema Bibi aliingia ndani akakaa muda mrefu, na Mzee Obadia akadhani amefukuzwa. Kisha mlango ukafunguliwa mbawa zote mbili, kushoto na kulia, na Bibi akaisukuma pikipiki nje mwenyewe, uso umelowa.

Walifanya kazi uani kwa Bibi mpaka siku injini ilipoitika. Mlio ule ulivuka mabonde. Ambilikile alikuwa shambani kilimani, akaweka jembe chini, akashuka kuja kutazama. Aliwakuta wazee wawili wamesimama wanaitazama pikipiki inayonguruma, kisha wanatazamana, na hakuna mwenye magoti ya kuipanda.

"Nani ataiendesha?" akauliza.

Wazee wakatazama magoti yao. Akaizunguka mara moja, akashika hendo za usukani, akaziachia, akazishika tena. Alikuwa anafahamu vizuri: mwendeshaji mmoja, daraja moja. Akipanda hii, kombe lake la Baba linakwenda kwa mtu mwingine.

"Nitaiendesha mimi," akasema, na Bibi Twitike akaenda kuongeza kikombe cha tatu.

Basi kila jioni ilikuwa hivyo, wanafunga, wanafungua, wanabishana juu ya kabureta, wanakunywa chai. Waliopita njiani walisema sauti zao zilikuwa zinasikika mpaka mtoni. Kitu kimoja hawakukizungumza hata siku moja: wakishinda, kombe litalala kwa nani. Na si kwa ubaya. Kila mmoja moyoni mwake aliona jibu liko wazi, na akaona haya kulisema.

Asubuhi ya mbio Sekela alipita kwenye mstari na kopo lake la chokaa. Alipofika kwenye ile pikipiki akapiga goti, akasugua shingo ya fremu: sitini na mbili. Akapapasa ubavu wa injini: hamsini na tisa. Akatamka, "Babu." Kisha akauliza swali ambalo humuuliza kila mtu, kwa sababu kombe humfuata mwenye mali.

"Pikipiki ya nani?"

"Yetu," akasema Bibi Twitike.

"Yetu," akasema Mzee Obadia, ambaye alikuwa ametazama midomo.

Ambilikile alikohoa kidogo. "Yetu, dada."

Hapo ndipo Sekela alipokosea, na naomba mlikumbuke kosa hili mtakapoamua. Miaka yote alikuwa hakubali jibu la namna hiyo. Aliwahi kuwarudisha nyumbani ndugu wa tumbo moja kwa sababu walisema "yetu". Aliwaambia wakaamue kwanza, warudi na jina moja. Lakini siku hiyo neno lilimwingia vibaya. Yeye alikuwa anasema duka langu, kuni zangu, chai yangu. Hakukumbuka mara ya mwisho ulimi wake uliposema yetu juu ya kitu chochote. Aliwatazama wale watatu wamesimama bega kwa bega kwenye ukungu, akaona raha ambayo haikuwa yake, akachora mstari wa chokaa kwenye tangi, akapita.

Bendera ikashushwa.

Korongoni, pikipiki ilitua juu ya jiwe kwa kishindo ambacho watu walioko juu walikisikia tumboni. Pikipiki mbili za Daraja la Mwana zilikuwa zimeshapinda shingo mahali pale pale, na wenyewe wamekaa kando wanazitazama. Ile fremu ya sebuleni ilitoa mlio mmoja, ikanyooka, ikaendelea. Hapakuwa na doa la kutu ndani yake la kuanzia kuvunjika. Watu wakageuka kumtazama Bibi Twitike, wakasema, "Ni kile kitambaa chake."

Kwenye kinamasi, maji yalifika juu ya ekzosi. Injini moja baada ya nyingine ilikohoa ikanyamaza, na mahali pakawa kimya kama pana maiti. Injini ya Mzee Obadia ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika sauti nene ya chini na kutoka upande wa pili inafuka mvuke. Alikuwa ameirekebisha kwa sikio lake la mwisho, na siku zote zile aliirudia kila jioni mpaka wenzake wakachoka. Watu wakasema, "Mzee ameiacha inaongea."

Kilimani kulikuwa kumenyeshewa, na udongo wa Ilembuka ukinyeshewa hauna huruma. Waliopanda kwa nguvu walirudi chini kwa matako. Ambilikile hakuvuta mafuta kwa nguvu. Alisimama juu ya vikanyagio, akaiacha ijitafutie njia, hatua kwa hatua, mahali pengine karibu isimame kabisa, naye akaongea nayo kwa sauti ndogo. Karibu na kileleni gurudumu la nyuma liliteleza likaelekea kwenye genge. Akateremsha mguu, akauweka kati ya jiwe na pikipiki, akavumilia, akaisukuma ikarudi njiani. Watu wakasema, "Mwingine angeiachia, akaokoa mguu."

Ikarudi uwanjani na mtu wake juu, kiatu kimejaa damu. Daraja la Babu likapona. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakarusha kofia, na Mwenyekiti Mdegela, yule yule aliyesema tusibembelezane, alionekana akijifuta macho kwa tai.

Kombe la Baba likapewa mtu mwingine. La Mwana likatolewa pia. Kisha Sekela akainua la Babu, akafungua mdomo, na hapo akagundua kwamba hana jina la kutaja.

Akawaita pembeni. "Mlikubaliana nini?"

Wakatazamana. Na Sekela, ambaye macho yake yamezoea kuona nyufa ndogo, aliona bega moja likisogea mbali na jingine. Akajuta kwa nini hakuwarudisha asubuhi, wakati ambapo bado wangeweza kucheka na kuamua.

Akamsikiliza kila mmoja peke yake.

Bibi Twitike alisema, "Mwanangu, wewe ukitaka kujua daraja la pikipiki unasoma namba ya nini? Ya fremu. Fremu ndiyo pikipiki. Lakini tuache hayo. Nimefungua mlango nikamtoa mwenzangu nje. Sasa fremu imejaa injini ya mtu na damu ya mtu, siwezi kuirudisha ndani nikajifanya ni ile ile. Nikiingia sebuleni nasema kamwene, na hakuna kitu pale. Nipe watu, mwanangu. Sina kingine cha kusalimia."

Mzee Obadia alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiosikia sauti zao wenyewe, "Binti, bila injini hiyo ni kitanda chenye magurudumu. Ya kwangu nimeiua ili hii iishi. Lakini sikuombi kwa sababu hiyo. Wenzangu hawa mwakani wataweza kushinda, na mwaka unaofuata pia. Wageni wakija kwangu mwakani, nitawaona midomo tu inachezacheza. Nataka nyumba yangu iwe na kelele sasa, wakati bado nazisikia."

Ambilikile alikuwa amekaa chini, mguu umefungwa kitambaa. "Dada, sijui kuomba," akasema. "Unapotangaza mshindi unataja jina la aliyeendesha, hilo unalijua. Na la Baba lilikuwa langu, hilo pia unalijua. Watu walikuwa wameshaniahidi kuja. Nilipopanda hii sikufikiri naachia kombe tu, nilijua naachia na wageni. Nikasema, nitawapata huku. Nisipowapata huku, basi nimejifungia mlango mwenyewe." Kisha akacheka kile kicheko chake cha haya. "Wazee hawa angalau wana kumbukumbu za watu waliowahi kuwatembelea."

Sekela akalishika kombe kwa mikono miwili. Kila neno alilolisikia alikuwa analifahamu kwa ndani, na katika wote wanne yeye ndiye asiyeruhusiwa kulisema.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini wasigawane miezi? Hata pale uwanjani mtu alipiga kelele, "Wagawane!" Wazee wa chama wakatikisa kichwa. Ilijaribiwa zamani kwa kombe la Mwana, ndugu wawili wakapokezana. Watu hawakujua mwezi huu ni kwa nani, huyu akadhani wamekwenda kwa yule, chai ikapikwa ikamwagwa, na kufikia katikati ya mwaka hakuna aliyekwenda popote. Tangu hapo desturi ni moja: nyumba moja, mwaka mzima.

Na kwa nini wasiendelee tu kutembeleana wenyewe watatu, kama walivyokuwa wakifanya? Nami niliuliza hivyo. Lakini kazi imeisha. Sababu ya kwenda imeisha. Nani ataanza kubisha hodi kwa mwenzake mikono mitupu na kusema, nimekuja kwa sababu niko mpweke? Wewe ungesema? Ungesema ukiwa na umri ule, Ilembuka, kwenye baridi ile?

"Sekela, unangoja nini?" Mwenyekiti akaita. "Watu wanaganda. Usipoamua nalifungia stoo, na Jumapili ya kwanza kila mtu akae kwake."

Kwa hiyo hilo nalo halikuwa jibu.

Msafara ukapangwa. Pikipiki zilizoweza kuwaka zikawashwa, zilizoshindwa zikafungwa kamba. Sekela akatangulia mbele kwa miguu na kombe kifuani, kama desturi inavyotaka, na mwenyekiti akamwambia kwa kumhurumia, "Basi tutakufuata. Nyumba utakayoelekea ndiyo hiyo." Wale watatu walitembea ubavuni mwake, Ambilikile akichechemea, kila mmoja akitazama vidole vyake vya miguu.

Kabla hawajafika njia panda, mama mmoja mzee wa kanisa, Lusungu, akamkimbilia Sekela akamshika mkono. Alikuwa na haraka zake.

"Sekela, ukifika kwa mshindi waambie mabenchi ya kanisa yarudi kabla ya Jumapili."

"Mabenchi gani, mama?"

"Si waliazima jana. Nilidhani wamepanga pamoja. Bibi Twitike alikuja asubuhi na mkokoteni, akasema ana wageni. Mchana Mzee Obadia naye, akasema ana wageni. Ambilikile alifika mwisho, mabenchi yamekwisha, akaniomba mikeka ya kwaya. Leo alfajiri nimepita kote huko, nimekuta nyumba zote tatu zimefagiliwa mpaka barabarani, na sufuria za chai ziko mafigani, kuni zimepangwa tayari kuwashwa. Nikajiuliza, hawa wana wageni wangapi?"

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, na wale watatu walikuwa hapo hapo ubavuni. Wote waliyasikia, hata Mzee Obadia. Bibi Twitike akamtazama Ambilikile. Ambilikile akamtazama mzee. Nadhani hakukuwa na mtu hata mmoja kati yao ambaye hakuona aibu, na hakuna hata mmoja ambaye aliacha kutaka.

Sekela akaendelea kutembea kwa sababu injini zilikuwa zinamsukuma kwa nyuma. Akafika njia panda. Njia ya chini inashuka kwa Bibi Twitike, mwenye sebule isiyo na kitu tena. Njia ya mashariki inakwenda kwa Mzee Obadia, ambaye mwakani hatasikia. Njia ya juu inapanda kwa Ambilikile, ambaye hajawahi kumkaribisha mtu. Amesimama hapo katikati, kombe limeshika baridi mikononi, chama kizima kiko nyuma yake kinapiga honi na kuimba, na popote atakapogeuka, ataishia mlangoni na kurudi peke yake, akijua kuna nyumba mbili ambazo kuni zake hazitawashwa.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Aliyetoa mwili, aliyetoa moyo, aliyetoa mguu: mmoja tu ndiye atakayepata watu. Haya, wewe hapo, na wewe uliyeinamisha uso, msinikimbie kama wale wa harusini. Ungekuwa wewe ndiye Sekela, ungeuelekeza wapi msafara?